Alama na Maneno ya Mwalimu

Wengi miongoni mwa wasomaji wetu wana mtoto au jamaa aliye katika chuo kikuu, nao wakimwuliza habari za masomo yake, huwajibu kwa alama: nimepata sabini, nimepata arobaini. Wakizidi kumwuliza hiyo arobaini yatokana na kosa gani, hunyamaza. Kunyamaza huko ndiko kulikotufanya tulisome kwa makini andiko la waalimu wawili wa Scotland, David Nicol na Debra Macfarlane-Dick, lililopigwa chapa mwaka 2006. Neno lao kuu ni kwamba mwanafunzi wa chuo kikuu asahihishwe kwa namna itakayomfikisha mahali pa kujisahihisha mwenyewe.

Waalimu hupambanua upimaji wa namna mbili. Upimaji tamati ni wa mwisho, wa kukata hukumu. Upimaji endelezi hufanywa kazi ingali mikononi, ili palipopinda panyoshwe. Seremala hangoji mlango uwe umekwisha kupigiliwa misumari, ndipo amwambie mwanagenzi wake kwamba ubao ulikatwa mfupi.

Waandishi hawa waweka kanuni saba. Mwanafunzi ajulishwe kazi njema ilivyo, afundishwe kuipima kazi yake, apewe maneno ya kumfaa, yaani mrejesho, azungumze na mwalimu na wenzake juu ya masomo, atiwe moyo, apewe nafasi ya kuziba pengo lililoko kati ya kazi aliyoifanya na kazi itakiwayo, na mwalimu naye apate habari za kumsaidia kutengeneza mafundisho yake.

Zote ni njema. Kasoro tunayoiona ni kupangwa mstari mmoja kama watoto wa rika moja, kumbe ya sita ndiyo kubwa lao. Royce Sadler wa Australia alikwisha kuandika mwaka 1989 kwamba mwanafunzi hana budi kukijua kipimo, kulinganisha kazi yake nacho, kisha kufanya jambo la kupunguza tofauti. Hilo la tatu likikosekana, maneno ya mwalimu, yajapokuwa ya hekima, ni maji yaliyomwagwa mchangani. Nasi twajua insha nyingi hurudi muhula umekwisha na somo limefungwa. Mwanafunzi atazama alama, akunja karatasi, basi. Afadhali angeandika insha moja mara mbili, na maneno ya mwalimu yawe katikati.

Kanuni ya tano nayo yataka uangalifu, maana wako wadhanio kutia moyo ni kusifu tu. Avraham Kluger na Angelo DeNisi, mwaka 1996, walikusanya matokeo ya majaribio mengi, wakaona kwamba zaidi ya theluthi moja ya matokeo hayo yalionyesha mrejesho kuwarudisha watu nyuma. Wakaeleza kwamba nguvu yake hupungua kadiri unavyomvuta mtu aiangalie nafsi yake badala ya kazi. “Wewe hodari” na “wewe mzembe” ni maneno ya ukoo mmoja: hakuna kati yake limwambialo kijana kwamba hoja yake ya pili haina ushahidi.

Tena liko jaribio la Ruth Butler la mwaka 1988. Waliopewa maneno bila alama waliendelea vema; waliopewa maneno na alama pamoja hawakupata faida ile. Wenye kulitaja husahau mara nyingi kwamba hao walikuwa watoto wa shule. Kijana ambaye alama yaweza kumwondoa chuoni hayumo katika hali yao, wala hatakubali kufichwa alama yake. Lakini maneno yakitangulia, na alama ikafuata baada ya siku chache, hakuna aliyedhulumiwa.

Waalimu wa vyuo hunung'unika kwamba wana wanafunzi mia tatu katika somo moja, nao wasema kweli. Hakuna awezaye kuandika barua mia tatu kila juma. Ila si kila mrejesho utoke katika kalamu ya mwalimu. Eric Mazur, afundishaye fizikia katika Harvard, Marekani, alianza mwaka 1991 kukatiza hotuba yake kwa swali. Kila mmoja huchagua jibu lake kimya. Kisha hugeukiana na kushindana kwa hoja, jirani na jirani. Kisha hujibu tena. Mwalimu huona papo hapo ni wangapi wamepotea, nayo ndiyo kanuni ya saba bila karatasi hata moja.

Njia hiyo yafaa zaidi maswali yenye jibu moja lililo wazi. Kwa insha, wanafunzi wabadilishane rasimu wawili wawili, kila mmoja akiwa na orodha fupi ya mambo yatakiwayo, waitunge pamoja na mwalimu kabla ya kalamu kushikwa.