Nyuzi Zinazotazama Patupu

Katika upimaji wa nyota wa APOGEE, ulioanza mwaka 2011 kwenye kilele cha Apache Point, New Mexico, Marekani, darubini ilifungwa nyuzi za kioo 300. Nyuzi kama 35 zilielekezwa mahali pasipo na nyota, na nyingine kama 35 zikaelekezwa kwa nyota za moto mkali ambazo hazikuwa shabaha ya utafiti. Asiyeijua kazi ataona ubadhirifu, ilhali ufundi wenyewe umekaa hapo hapo. Hewa yetu nayo hung'aa usiku, na nyuzi za patupu hunasa mng'ao huo. Zile za nyota za moto huonyesha ni mwanga gani umemezwa njiani. Mpimaji huanza kwa kuzihesabu kasoro za mahali aliposimama.

Hana budi, kwa kuwa anachokitafuta ni kidogo mno. Mwanga wa nyota ukitawanywa huonyesha mistari myeusi ya elementi kama chuma. Nyota ikitujia, mawimbi ya mistari hiyo hufupika, ikitukimbia, hurefuka. Kwa kasi ya kilomita 30 kwa sekunde, badiliko ni sehemu 1 tu kati ya 10,000. Na hiyo ndiyo kasi ya Dunia ikilizunguka Jua! Nyani haoni kundule, lakini mpimaji lazima alione lake, la sivyo ataisingizia nyota mwendo wa Dunia. Hata sahani za alumini, ambazo mafundi walizichomekea nyuzi kwa mikono tundu baada ya tundu, zilitobolewa kwa kukadiria saa ya kutazama, maana hewa huupinda mwanga kadiri nyota inavyoshuka.

Itaulizwa: kama chombo cha angani cha Gaia, kilichotazama kutoka juu ya hewa yote, kilitupa kasi za nyota milioni 33 mwaka 2022, nyuzi hizi za nini? Ni kwamba vumbi la galaksi huuzuia mwanga ambao Gaia iliutegemea, lakini mionzi ya infraredi iliyotumiwa na APOGEE hulipenya. Tena viwili hivi havikushindana: mwaka 2018, mwendo uliopimwa na Gaia na kemia iliyosomwa na APOGEE vilifichua mabaki ya galaksi ndogo iliyomezwa na yetu miaka kama bilioni 10 iliyopita. Atakayesema wingi huifuta nyota moja moja akumbuke kwamba nyingi zilirudiwa mara tatu au zaidi, isije ikawa kuna nyota mwenza inayoziyumbisha. Leo roboti zimechukua kazi ya mikono. Nyuzi za patupu zimebaki.