Feni Iliyoondolewa Kwenye Swichi

Ugumu wa bomba la mafuta ghafi la EACOP, kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, umo zaidi katika nyuzijoto 50 kuliko katika urefu wake. Mafuta ya Ziwa Albert yana nta nyingi; yakipoa huganda, ndiyo maana lazima yatunzwe kwenye joto hilo. Kwa hiyo bomba likavikwa kihami joto, likawekewa nyaya za umeme za kulipasha, na kando yake ukapangwa mkongo wa faiba wa kupeleka taarifa na kugundua uvujaji. Faiba ni kioo, haisumbuliwi na jua. Panapotia shaka ni pale mkongo unapoishia: swichi ya mtandao ndani ya kabati la chuma, mahali ambapo fundi hapiti kila siku.

Swichi ya ofisini kwa kawaida huhakikishiwa hadi nyuzijoto 40 au 50; ya viwandani mara nyingi huhimili kuanzia 40 chini ya sifuri hadi 75. Mtu wa Mwera au Pangani ana haki ya kuuliza, 75 ya nini wakati hata Februari pwani haifiki 40? Ni kwamba kiwango hicho ni cha hewa inayoizunguka swichi yenyewe, na kabati lililofungwa juani hupata joto mara mbili, la jua kwa nje na la vifaa kwa ndani. Tena joto haliui kwa siku moja, hula umri: wahandisi hukadiria kuwa kapasita ya elektroliti hupoteza karibu nusu ya maisha yake kwa kila nyuzi 10 zinazoongezeka. Kwa hiyo waundaji wa swichi ya viwandani walianza kwa kuondoa, si kuongeza. Feni, ambayo ndiyo hufa mapema, ikatolewa. Joto la chipu likapitishwa moja kwa moja kwenye kasha la alumini lenye mapezi, kapasita zikachaguliwa za daraja la juu, na pengine bodi ikapakwa utando wa kuzuia unyevu na chumvi.

Wapo wasemao kiyoyozi kingetosha na swichi ya bei nafuu ikafanya kazi ile ile. Kwa chumba cha seva chenye walinzi na jenereta, nakubaliana nao kabisa. Kwa kabati la njiani, sikubali: umeme ukikatika kiyoyozi huzima huku swichi ikiendelea kwa betri na kujipasha yenyewe, na fundi akilifungua kabati lililopozwa, hewa yenye unyevu ya pwani huacha matone juu ya bodi. Pingamizi la bei lina uzito zaidi, ila hapo watu hubana matumizi mahali pasipofaa. Hununua swichi ya nyuzi 75, kisha wakaichomekea moduli ya faiba ya kawaida iliyoandikwa mwisho 70, au wakaiwekea pawasaplai ya ofisini. Kabati zima basi lina kiwango cha kile kifaa kilicho dhaifu zaidi, hata kama risiti ya swichi inasema vingine.