Mstari mweupe kwenye kombe la bega

Neva ya suprasikapula hubeba sehemu kubwa ya hisia za kiungo cha bega. Kadirio linalotajwa sana ni asilimia 70. Hutoka shingoni, hasa kwenye mizizi ya C5 na C6, ikapita kwenye pengo dogo la ukingo wa juu wa kombe la bega, chini ya kano, kisha ikatambaa katika bonde lililo juu ya tuta la kombe. Mwenye bega lililoganda anaweza kupata nafuu neva hiyo ikitiwa ganzi.

Njia ya zamani ni ya Wertheim na Rovenstine, 1941. Daktari alipima kwa vidole juu ya ngozi, akachoma hadi sindano iguse mfupa, kisha akalitafuta pengo kwa ncha. Hatari yake iko wazi: mbele ya pengo kuna kifua, na sindano ikipitiliza hutoboa utando wa pafu. Isitoshe, mapengo hayafanani. Kuna watu wasio nalo kabisa, na wengine kano yao imegeuka mfupa, pengo likawa tundu.

Kwa ultrasaundi, proba bapa ya masafa ya juu hulazwa sambamba na tuta la kombe. Kwenye skrini, kutoka juu kwenda chini, huonekana ngozi, mafuta, msuli wa trapeziasi, msuli wa supraspinatasi, halafu mstari mweupe unaong'aa wenye kivuli cheusi chini yake. Huo ni mfupa, mawimbi hayaupenyi. Mstari hubonyea katikati, na waliotangulia kuutazama waliamini kwamba mbonyeo huo ndio pengo.

Mwaka 2010 Philip Peng wa Toronto na wenzake walilinganisha picha hizo na za eksirei pamoja na maiti zilizopasuliwa. Ilibainika kuwa mbonyeo ni sakafu ya bonde, kati ya pengo la juu na pengo la pili lililo karibu na kiungo. Naiona kuwa kazi muhimu kuliko zote katika suala hili, maana ilieleza kwa nini sakafuni ni mahali bora pa kuchoma. Chini yake kuna mfupa mzima unaoizuia sindano isifike kifuani. Juu yake utando wa supraspinatasi huifunika dawa isitawanyike, hata mililita 5 zikatosha.

Neva yenyewe ni nyembamba na mara nyingi haionekani vizuri. Dopla, yaani picha ya mtiririko wa damu kwenye ultrasaundi, husaidia: ateri inayodunda bondeni huambatana nayo. Lakini kivuli cheusi kikikatika, mfupa umekwisha hapo. Sogeza proba hadi mstari uwe mzima tena.

Kwa hiyo nawaomba wanaofundisha madaktari wa usingizi: mwanafunzi asiachiwe kusukuma dawa kabla hajaonyesha, katika picha moja, mfupa usiokatika na ncha ya sindano iliyo juu yake.