Askari wa Shaba na Jicho la Kamera

Huko Rwamgasa, katika machimbo ya dhahabu ya Geita, kijana mmoja aishiye kwa kupiga picha alinionyesha picha aliyoipiga Dar es Salaam: Sanamu la Askari, bunduki mkononi, singe imeelekea bandarini, na nyuma yake mbingu tupu. Akaniuliza ni picha gani ya vita iliyofuatwa na mchongaji, kwani alikuwa amekwisha sikia habari za sanamu la Arlington, Marekani.

Swali lake ni zuri kuliko picha yake. Sanamu lile la Marekani, lililozinduliwa tarehe 10 Novemba 1954, Felix de Weldon alilifanyiza kwa kuifuata picha ya Joe Rosenthal ya tarehe 23 Februari 1945, ionyeshayo askari sita wakisimamisha bendera katika kisiwa cha Iwo Jima. Watu wake wana kimo cha karibu meta 10, lakini wameitii karatasi ndogo. Mpiga picha afikaye pale hutafuta upande ule alioutazama Rosenthal. Akiupata, kazi yake imekwisha. Hakutazama; amekumbuka tu.

Sanamu letu halina picha ya namna hiyo. James Alexander Stevenson ndiye aliyelifanyiza, likasimamishwa mwaka 1927 mahali palipokuwa na sanamu la Mjerumani Wissmann. Hapana atuamuruye tulitazame kutoka wapi. Hata hivyo sisi sote twasimama palepale, chini ya singe, tukiukata msingi wa jiwe ili askari aonekane akielea mbinguni, kana kwamba twatii picha ambayo haikupigwa kamwe.

Na hasara yake si ndogo. Katika msingi ule pana maandishi yawatajao pia wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Huko Nairobi mpagazi amesimama mwenyewe kwa shaba. Dar es Salaam hana mwili, ana maneno tu. Wapagazi wengi walitoka Usukuma na Unyamwezi, nao waliuawa na maradhi na njaa zaidi kuliko risasi. Kijana yule, Msukuma kwa baba na kwa mama, amewaondoa kwa ukingo wa picha yake.

Nilimwambia hayo. Aliitazama picha kwa kitambo, kisha akasema kwamba watu hawanunui maandishi.