Wahamiaji na Waliohamishwa: Suala la Asili katika Muziki wa Kiklasiki wa Marekani

Historia ya muziki wa kiklasiki nchini Marekani aghalabu husimuliwa kama historia ya wahamiaji. Okestra ya New York Philharmonic iliundwa mwaka 1842, na katika miongo yake ya mwanzo wachezaji wake wengi walikuwa Wajerumani. Ile ya Chicago ilianzishwa mwaka 1891 chini ya uongozi wa Theodore Thomas, mzaliwa wa Ujerumani. Simulizi hii ina ukweli, lakini ina upungufu wa kimsingi. Neno ‘mhamiaji’ humfaa aliyepanda meli kwa hiari yake; halimfai aliyepakiwa. Makala haya yanadai kwamba upungufu huo wa istilahi umezaa upungufu wa uhakiki.

Antonín Dvořák, mtunzi wa Kicheki, aliwasili New York mwaka 1892 kwa mwaliko wa Jeannette Thurber ili aongoze chuo cha muziki alichokianzisha mama huyo. Mwanafunzi mmoja wa chuo hicho, Harry Burleigh, alimwimbia nyimbo alizozirithi kwa babu yake aliyewahi kuwa mtumwa. Mwaka 1893 Dvořák alitangaza gazetini kwamba muziki wa baadaye wa taifa hilo hauna budi kujengwa juu ya nyimbo za Weusi. Desemba ya mwaka huohuo, Simfonia yake ya Tisa, ‘Kutoka Ulimwengu Mpya’, ilipigwa kwa mara ya kwanza katika ukumbi wa Carnegie Hall.

Ubora wa simfonia hiyo hauna ubishi. Linalohitaji kuhakikiwa ni jinsi ilivyopokewa. Lahani mashuhuri ya sehemu ya pili, inayopigwa kwa ala ya jamii ya zumari, ilitiwa maneno mwaka 1922 na William Arms Fisher, aliyekuwa mwanafunzi wa Dvořák. Tangu hapo wasikilizaji wengi wameudhania kuwa wimbo wa kale wa watumwa. Kosa hilo linafichua mengi. Sauti ya Mweusi ilikaribishwa ukumbini ilipopitia kalamu ya mgeni kutoka Ulaya, ilhali Mweusi mwenyewe alikuwa nadra kupanda jukwaa hilo. Nyimbo zake zilihesabiwa kuwa malighafi. Utunzi ukabaki kuwa kazi ya mwingine.

Florence Price, aliyezaliwa Little Rock, Arkansas, mwaka 1887, aliupindua mgawanyo huo. Juni 1933 okestra ya Chicago, ikiongozwa na Frederick Stock, naye mzaliwa wa Ujerumani, ilipiga Simfonia yake ya Kwanza. Hiyo ndiyo iliyokuwa mara ya kwanza kwa okestra kuu ya Marekani kupiga simfonia ya mwanamke Mweusi. Kwa desturi ya Ulaya, sehemu ya tatu ya simfonia huwa minueti au skerzo. Price aliweka hapo Juba, mchezo wa watumwa uliochezwa kwa makofi, kupiga mapaja na kukanyaga ardhi. Huu ni uamuzi wa kifani wenye uzito wa kimaudhui: mwili uliowahi kuuzwa mnadani ndio unaoipimia okestra nzima mapigo yake.

Yawezekana kupinga kwamba Price alimwiga Dvořák. Hata ufunguo wa simfonia zao, E mdogo, ni mmoja. Athari hiyo ipo, wala haina haja ya kukanwa. Lakini pingamizi hili husahau nani alikopa kwanza. Anayerejea kuchota katika kisima cha babu zake hageuki mwizi kwa kuwa mgeni aliwahi kuteka maji hapo.

Hata hivyo, ubora wa kazi haukutosha kufungua milango. Mwaka 1943 Price alimwandikia Serge Koussevitzky, mzaliwa wa Urusi aliyeiongoza okestra ya Boston, akataja vikwazo vyake viwili: jinsi yake na rangi yake. Alifariki mwaka 1953. Mwaka 2009 miswada yake mingi iligunduliwa katika nyumba iliyotelekezwa huko Illinois. Aliyewasili juzi alishika fimbo ya kuongozea okestra. Aliyezaliwa nchini humo aliomba kusikilizwa.

Wasomaji waliofuatilia mjadala wa asili ya ushairi wa Kiswahili wataitambua hatari iliyopo hapa. Swali la ‘bahari hii imetoka wapi?’ lina nafasi yake, lakini likiachwa peke yake humpa heshima yote aliyeleta chombo na kumnyima aliyekijaza. Muziki wa Marekani unahitaji maswali mawili zaidi: nani aliruhusiwa kuitwa mtunzi, na nani aliitwa chimbuko tu? Uhakiki usiouliza hayo utaendelea kuwahesabu wahamiaji na kuwasahau waliohamishwa.