Tangazo la Sabuni Darasani Kaliua

Mwambie mtoto wa darasa la tano hapa Kaliua kwamba bibi yake alifulia nguo za nyumba nzima kwa kipande kimoja cha sabuni. Atakusikiliza kwa adabu, na kengele ikilia amesahau. Lakini mpe nakala ya tangazo la sabuni la miaka ya 1950, mama kavaa gauni lililopigwa pasi na beseni limejaa povu, uone maswali yatakavyomiminika. Ninaamini hakuna kifaa rahisi kuliko hiki cha kufundishia maisha ya nyumbani ya zamani. Ila kina masharti, maana aliyeandika tangazo alitaka kuuza.

Kwanza, ficha maneno. Watoto waione picha peke yake na wataje kilichomo: nani anafanya kazi, nani amekaa, sakafu ni ya nini, maji yametoka wapi. Swali la maji nalipenda kuliko yote. Kwenye tangazo maji yapo tayari. Ndoo, kisima na msichana aliyeamka alfajiri kuyachota havimo. Mtoto akiligundua pengo hilo mwenyewe, ameanza kusoma historia kwa macho yake. Baada ya hapo funua maneno, waone tangazo linamuahidi mnunuzi nini: afya, heshima au mume aliyeridhika.

Kisha nakala iende nyumbani kwa wazee, na hapa ndipo somo lilipo hasa. Mtoto aulize kuhusu kitu kilichotangazwa: mlikuwa nacho? Nani alikitumia? Kabla yake mlitumia nini? Matangazo ya vitu vingine nayo yanafaa. Cherehani ya Singer kwenye tangazo huwa na mwanamke sebuleni kwake. Bibi atasema yeye aliiona barazani pa duka, fundi akiwa mwanamume. Baiskeli ya Raleigh imechorwa ikiwa na kijana anayeiendesha kwa raha. Babu atakumbuka gunia, madebe ya asali, hata mgonjwa aliyepakiwa nyuma.

Kaliua ina bahati ya kuwa na stesheni ya reli. Reli ya Kati ilifika Tabora 1912 na Kigoma 1914, na baada ya Vita Kuu ya Pili tawi la Mpanda likachepuka papa hapa. Kabla ya treni, vitambaa vya merikani na shanga vilisafiri mabegani mwa wapagazi. Watoto wafuatilie safari ya mche wa sabuni kutoka bandarini hadi dukani kwao, na jiografia itaingia yenyewe.

Mwalimu asiruke miaka ya mwanzo ya 1980, sabuni ilipokuwa adimu na watu wakipanga foleni. Bila hiyo watoto watadhani kila kizazi kilipata zaidi ya kilichotangulia, na si kweli.

Matangazo yenyewe yatafutwe kwenye magazeti ya zamani ya Kiswahili, kama Mambo Leo, lililoanzishwa Dar es Salaam 1923, na Baraza la Nairobi, lililoanza 1939. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina sehemu ya East Africana kwa kazi za namna hii. Na wewe msomaji, kama kuna sanduku la bati uvunguni lenye magazeti, kalenda za duka au makopo ya zamani, usiyatupe wala kuyachoma. Mpelekee mwalimu wa shule iliyo karibu nawe.