Kipima Muda Kipi? Uhakiki wa Istilahi za Upimaji wa Muda katika Riadha

Tarehe 17 Mei, 1975, mjini Kingston, Jamaika, Filbert Bayi, mzaliwa wa Karatu, alikimbia maili moja kwa dakika 3 na sekunde 51.0. Rekodi ya dunia aliyoivunja, ya Jim Ryun wa Marekani, ilikuwa dakika 3 na sekunde 51.1. Tofauti ni sehemu moja ya kumi ya sekunde. Kwa kasi aliyokuwa nayo ni kama sentimita 70, yaani chini ya nusu ya hatua moja ya mkimbiaji. Mwaka uliotangulia, tarehe 2 Februari, 1974, huko Christchurch, alikuwa amekwisha kuweka rekodi ya mita 1500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2. Mtambo ulisoma 32.16, lakini kanuni za wakati ule ziliandika rekodi za mbio hizo kwa sehemu za kumi tu.

Tumeanza na tarakimu hizi kwa sababu makala haya yanahusu maneno yanayotumiwa na walimu, makatibu wa michezo na wafasiri wanapotaka kueleza, kuagiza au kununua chombo cha kupimia muda kwa ajili ya michezo ya ridhaa. Katika wilaya za Karatu na Ngorongoro jambo hili si la nadharia. Huko mbio ni mazoea ya watu, na kijana anayekimbia kwenye uwanja wa vumbi wa shule hana cheti kingine cha kumpeleka mbele isipokuwa muda ulioandikwa karatasini. Muda huo ukiwa umepimwa kwa chombo kisichofaa, au umeandikwa kwa neno lisilofahamika, cheti hicho hakina thamani.

Lawama ya kwanza tunaielekeza kwa neno *kipima muda*. Neno lenyewe limeundwa vizuri: kiambishi *ki-* cha chombo, kitenzi, kisha yambwa. Kosa ni kulibebesha vitu vinne. Tumeona hati za maombi ya vifaa zikiliandika kwa maana ya saa inayobonyezwa kwa kidole, kwa maana ya mfumo wa chipu zinazofungwa viatuni, kwa maana ya kamera inayotazama mstari wa kumalizia, na hata kwa maana ya saa ya setilaiti ambayo mkimbiaji huivaa mwenyewe. Mtumishi wa ugavi anayeipokea hati yenye maneno “vipima muda sita” hana njia ya kujua alichoombwa. Atanunua kilicho rahisi dukani, na hatakuwa amekosea. Aliyekosea ni mwandishi wa hati. Kwa hiyo twapendekeza *kipima muda* libaki kuwa jina la jumla, kama vile *chombo cha usafiri* lilivyo jina la jumla la baiskeli na la meli, na kila aina ipewe jina lake.

Aina ya kwanza wengi huiita stopuwochi. Baadhi ya wafasiri wameiita *saa ya mkono*, na muda wake *muda wa saa ya mkono*. Twalikataa jina hilo bila kusita: kwa Mswahili yeyote saa ya mkono ni ile inayofungwa kwenye kifundo cha mkono. *Saa ya kubonyeza* linatosha, na *muda wa kubonyeza* hutofautishwa vyema na *muda wa mtambo*. Tofauti hiyo lazima iandikwe daima. Kidole huchelewa kubonyeza saa mbio zinapoanza, lakini mwishoni jicho huwa limekwisha kumwona mkimbiaji akija na kidole kimejiandaa. Matokeo yake ni kwamba muda wa kubonyeza kwa kawaida huwa mfupi kuliko ukweli. Katika mbio za mita 100 ni desturi kuuongezea sekunde 0.24 unapolinganishwa na wa mtambo. Kijana aliyeandikiwa sekunde 10.8 na mwalimu wake atafika kwenye uwanja wenye mtambo akapata 11.04, naye atadhani ameshuka kiwango.

Hapo hapo kuna kosa la tafsiri lenye madhara. Maelekezo kadhaa ya Kiswahili humwambia mpima muda aanzishe saa “kwa mlio wa bastola”. Wakimbiaji ndio waanzao kwa mlio. Mpima muda hutazama moshi au mwako. Yeye husimama kwenye mstari wa kumalizia, na sauti, iendayo kama mita 340 kwa sekunde, huchukua takriban sekunde 0.3 kumfikia kutoka mwanzo wa mbio za mita 100. Aliyefuata tafsiri hiyo kwa utii amewapunja saa zake zote kiasi hicho. Neno *ishara ya bastola* linafaa zaidi, likifuatwa na maelezo ya nani aisikie na nani aione.

Neno *mzunguko* linakubalika kwa duara moja la uwanja, ingawa wapenzi wa kandanda nao hulitumia kwa nusu ya msimu wa ligi. Shida iko kwenye *muda wa mzunguko*. Saa nyingi za kubonyeza huonyesha tarakimu mbili kwa pamoja: muda wa mzunguko uliokwisha sasa hivi, na jumla ya muda tangu mbio zianze. Wafasiri wa vijitabu vya maelekezo huziita zote muda wa mzunguko. Mkimbiaji wa mita 10,000 anayezunguka kwa sekunde 68 kila mara, mwisho wa mzunguko wa pili saa yake itaonyesha 68 mahali pamoja na dakika 2 na sekunde 16 mahali pengine. Kocha asiyejua ipi ni ipi ataongoza mizunguko 23 iliyosalia kwa kubahatisha. Twapendekeza *muda wa mzunguko* kwa ile ya kwanza na *muda limbikizi* kwa ya pili. Mwalimu anayechagua saa na aulize kwanza kama inahifadhi zote mbili, na mizunguko mingapi. 25 ndiyo hesabu ya mita 10,000. Mapambo mengine ya saa hayamhusu.

Kuhusu *nukta* tutasema machache. Wazee wetu waliitumia kwa maana ya sekunde. Leo huitumia pia shule kwa alama ya desimali. Tamko “dakika tatu, nukta thelathini na mbili, nukta mbili” ni fumbo. Sekunde ni neno la kukopa lililokwisha zoeleka, basi na lishike kazi yake.

*Chipu* nalo lipokewe. Mapendekezo ya kulibadilisha kwa *kitambulishi* au *kijipande* hayaongezi maana yoyote, na hofu kwamba litachanganywa na chipsi ni ya mzaha zaidi kuliko ya kweli. Kile ambacho wakimbiaji hukikanyaga ili chipu zisomwe kinaitwa *mkeka*, jina zuri lililotoka kwa watumiaji wenyewe, japo siku hizi wacheza kamari nao wana mkeka wao. Mfumo huu unafaa mbio za barabarani zenye watu wengi, kama zile za Ngorongoro zilizoanzia lango la Lodoare na kumalizikia Karatu mjini. Lakini unaleta muda wa namna mbili: ule unaohesabiwa tangu bastola, na ule unaohesabiwa tangu mkimbiaji mwenyewe alipokanyaga mkeka wa kuanzia. Kanuni za Shirikisho la Riadha Duniani hutambua ule wa bastola kuwa ndio rasmi. Matangazo yetu huandika “muda halisi” kwa ule wa pili, na hilo ni jina la hatari, kwa kuwa msomaji huelewa kwamba ule mwingine si halisi. *Muda wa bastola* na *muda binafsi* yangeondoa ugomvi mezani pa zawadi.

Tena chipu iko mguuni, na kanuni humhesabu mkimbiaji kuwa amefika pale kiwiliwili chake kinapofikia ukingo wa mstari, si kichwa, mkono wala mguu. Tarehe 15 Septemba, 2025, mjini Tokyo, Alphonce Simbu alishinda marathoni ya ubingwa wa dunia kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Amanal Petros wa Ujerumani aliandikiwa muda uleule. Kilichowatenganisha ni sekunde 0.03, nayo ilisomwa kwenye picha. Picha hiyo wengi wetu huiita *picha ya mwisho*, kana kwamba mpiga picha alikuwa anafunga kazi. Kamera yake haipigi tukio zima. Hutazama mstari peke yake, maelfu ya mara, na kupanga vipande hivyo kimoja baada ya kingine. *Picha ya mstari* lingesema hasa kinachofanyika.

Limebaki neno moja ambalo bado hatujaridhika nalo. Saa ya kubonyeza huonyesha sehemu za mia za sekunde, ilhali kidole hakiwezi kuzitofautisha. Ndiyo maana kanuni huamuru muda wa kubonyeza wa mbio za uwanjani upandishwe hadi sehemu ya kumi inayofuata. Saa kama hiyo ina tarakimu nyembamba lakini si sahihi kwa kadiri hiyo. *Usahihi* tunao. Kwa sifa ile nyingine tumejaribu *wembamba wa kipimo*, na baadhi ya wenzetu wanaona linasikika kama jambo la fundi cherehani. Walimu wa fizikia na wa michezo wenye neno bora zaidi watuandikie, tupate kulijadili kabla ya orodha kupelekwa kusanifishwa.